Askari waliomshtaki mkubwa wao

JUMAMOSI ya Aprili 15, 1989, saa tisa kamili alasiri, refa alipuliza kipenga katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza. Liverpool walikuwa wakimenyana na Nottingham Forest katika nusu-fainali ya Kombe la FA. Dakika sita hivi baadaye kipenga kililia tena, wachezaji wakaambiwa watoke, na mechi hiyo haikuendelea.

Yaliyotokea yanajulikana na kila mpenzi wa kandanda. Nje ya uwanja, upande wa Leppings Lane, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walikuwa wamebanana wakingoja kuingia. Ilipogonga saa tisa kasoro dakika nane hivi, kamanda wa polisi aliyesimamia mechi aliamuru lango kubwa lifunguliwe. Umati ukamiminika ndani na kufuata ujia uliopita chini ya jukwaa, kwa kuwa ndio waliouona mbele yao na hakuna aliyekuwa ameuziba. Ujia huo ulielekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni. Mbele ya vizimba kulikuwa na ua wa chuma. Waliokuwa nyuma walizidi kusukuma bila kujua kwamba mbele yao watu walikuwa wakikata roho wakiwa wima.

Watu 94 walifariki siku hiyo hiyo, na wa 95 siku chache baadaye. Wa 96 alilala hospitalini bila fahamu hadi 1993. Wa 97 aliishi na majeraha yake miaka 32, akafariki Julai 2021.

Kuhusu mashabiki hao na jamaa zao mengi yameandikwa, na inafaa yaandikwe. Leo nawaomba wasomaji tuwatazame watu wengine waliokuwa uwanjani alasiri ile, ambao wengi hawawaonei huruma hata kidogo: makonstebo wa kawaida, watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao baadaye walikwenda kortini kudai fidia na kuibua ugomvi ambao wanasheria hawajaumaliza mpaka leo.

MCHANA ULE

Askari waliokuwa karibu na ua walijaribu kuwavuta watu kupitia vilango vyembamba. Wengine waliupanda ua wenyewe. Uwanjani kulikuwa na askari na mashabiki waliopiga magoti kwenye nyasi wakiwapulizia hewa watoto wa watu, wakiwakandamiza vifua, wakingoja ambulensi ambazo nyingi hazikuingia ndani. Mashabiki waling'oa mabango ya matangazo kandokando ya uwanja wakayafanya machela. Maiti zilipelekwa katika ukumbi wa mazoezi wa uwanja huo, na kila maiti ikawekewa askari wa kukaa nayo. Usiku wazazi walipofika kuwatafuta wana wao, walionyeshwa kwanza picha zilizobandikwa ubaoni. Aliyemtambua wake aliletewa mwili.

Hebu fikiria kijana wa miaka 25 aliyeajiriwa polisi kwa sababu alitaka kazi yenye heshima. Asubuhi aliaga kwao akisema anakwenda kulinda mechi. Alfajiri anarudi akiwa amekaa saa nyingi na maiti ya mtoto asiyemjua, na amemsikia mama mtu akilia. Mwenzake aliyejaribu kumrudishia mtu pumzi akashindwa naye anarudi kwake. Mwilini hawana hata mkwaruzo. Siku zikapita, baadhi yao wakaanza kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kukwepa kazi na watu. Madaktari waliwapima wakakuta ni maradhi kamili ya akili yanayoletwa na kiwewe, maradhi yenye jina na dalili zake vitabuni. Hata mahakama haikulibishia hilo.

Askari kadhaa wakafungua madai. Waliyemshtaki ni mkuu wa polisi wa jimbo lao la South Yorkshire, ambaye kisheria ndiye anayebeba makosa ya maofisa walio chini yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: maafa yaliletwa na uzembe wa wakubwa wetu, sisi tulitumwa kusafisha matokeo ya uzembe huo, tukaugua, kwa hiyo tulipwe.

Na mkuu wa polisi alikwisha kubali kwamba uzembe ulikuwapo. Msomaji anaweza kudhani kesi iliishia hapo. Kwa kweli ndipo ilipoanzia.

Askari waliokuwa ndani ya vizimba au karibu navyo kabisa, mahali ambapo wao wenyewe wangeweza kupondwa, walipatana na upande wa pili wakalipwa bila ya kesi yao kusikizwa hadi mwisho. Waliosalia waliambiwa: nyinyi hamkuwa hatarini. Mliona tu.

JAMAA WALIKUWA WAMETANGULIA

Ili kuelewa kwa nini neno hilo "mliona tu" lina uzito, yafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya askari kufika kortini, jamaa za marehemu walikuwa wamekwisha kufika na kufukuzwa.

Novemba 1991, Baraza la Malodi, ambalo hadi 2009 ndilo lililokuwa korti ya juu kabisa nchini Uingereza, liliamua kesi ya watu kumi waliougua kwa mshtuko baada ya kuwapoteza ndugu zao Hillsborough. Wote kumi walishindwa. Majaji waliweka masharti. Kwanza, mdai awe na uhusiano wa karibu wa mapenzi na marehemu. Pili, awe alikuwapo pale pale au alifika mara tu baada ya tukio. Tatu, awe aliliona au kulisikia kwa macho na masikio yake mwenyewe, na kutazama televisheni hakuhesabiwi.

Masharti hayo yalikata kama kisu butu. Mtu mmoja alikuwa uwanjani akaona kwa macho yake maafa yaliyowaua ndugu zake wawili, lakini akashindwa kwa sababu hakuleta ushahidi kwamba waliopotea walikuwa wapenzi wake wa karibu. Yaani ndugu wa tumbo moja inabidi alete ushahidi kwamba aliwapenda ndugu zake! Wazazi waliokuwa wakitazama televisheni nyumbani, mwana wao akiwa uwanjani, walishindwa kwa sababu walikuwa mbali. Mwingine alimtambua shemeji yake chumba cha maiti mnamo saa sita ya usiku, akaambiwa amechelewa: saa nane zilikuwa zimepita.

Mwaka uliofuata, 1992, wazazi wa mabinti wawili, mmoja wa miaka 19 na mwingine 15, walidai fidia kwa mateso ambayo watoto wao waliyapata kabla ya kufa. Walishindwa vile vile. Korti ilisema ushahidi wa madaktari unaonyesha kwamba mtu aliyebanwa kifua hupoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Na pesa za kumfuta mzazi machozi, ambazo sheria ya Uingereza ilizitoa wakati huo, zilikuwa pauni 3,500, nazo zilipewa mzazi ikiwa tu mtoto alikuwa chini ya miaka 18 na hajaoa au kuolewa. Mtoto wa miaka 19 hakuwa na bei.

Basi fikiria wazazi hao wanaposoma gazetini, Oktoba 1996, kwamba Mahakama ya Rufaa imeamua askari wa South Yorkshire walioathirika kwa mshtuko walipwe. Askari wa kikosi kile kile ambacho kamanda wake ndiye aliyefungua lango! Hasira iliyozuka mjini Liverpool haikuhitaji mkalimani.

MSAFISHA MADIRISHA

Mawakili wa askari hawakujitungia hoja hewani. Walikuwa na kesi ya zamani mkononi, na ni kesi inayogusa moyo.

Desemba 4, 1957, jioni ya ukungu mzito, treni mbili ziligongana huko Lewisham, kusini mwa London, na daraja lililokuwa juu ya reli likaporomoka juu ya mabehewa. Watu 90 walikufa. Karibu na hapo aliishi bwana mmoja, kazi yake kusafisha madirisha. Alitoka mbio kwenda kusaidia. Kwa kuwa alikuwa na umbo dogo, aliweza kupenya ndani ya mabehewa yaliyobonyea ambamo wengine hawakuweza kuingia, akawafikia majeruhi na kuwatuliza. Alifanya hivyo usiku kucha. Kulipokucha alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuwa mtu yule tena. Akili yake iliugua hata akalazwa hospitalini. Alipofariki miaka michache baadaye kwa sababu nyingine, mjane wake aliendelea na dai lake dhidi ya shirika la reli, na mwaka 1967 Jaji George Waller akampa ushindi. Jaji alisema aliyeleta hatari anapaswa kutazamia kwamba watu wema watakuja kuokoa, na kwamba huenda wakaumia akilini.

Kwa hiyo mwokoaji alikuwa na nafasi yake katika sheria. Na askari wa Hillsborough, kama hawakuwa waokoaji, walikuwa nini?

Hapa pana jambo dogo ambalo siwezi kuliacha. Kesi ya askari ilipoanza katika mahakama ya chini mwaka 1995, jaji aliyeisikiliza alikuwa Jaji Mark Waller, mwana wa Jaji George Waller. Baba alimpa mjane wa msafisha madirisha haki yake. Mwana aliwakatalia askari. Sisemi kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mkatili. Katika miaka 28 iliyopita kati ya hukumu hizo mbili, sheria ilikuwa imejaa masharti mapya, na mwana aliyakuta mezani.

Mahakama ya Rufaa, kama tulivyoona, ilimpindua mwana mwaka 1996, majaji wawili dhidi ya mmoja. Mkuu wa polisi akapanda ngazi ya mwisho.

DESEMBA 3, 1998

Siku hiyo Malodi watano walitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria huijua kwa jina la White dhidi ya Mkuu wa Polisi wa South Yorkshire. Askari walishindwa, watatu kwa wawili.

Askari walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilisema mkuu wa polisi ni kama mwajiri, na mwajiri ana wajibu wa kuwalinda watu wake wasiumie, iwe mwilini au akilini. Majaji wengi waliikataa wakisema wajibu wa mwajiri haumpi mfanyakazi haki kubwa kuliko ile aliyo nayo mtu mwingine yeyote. Mshtuko wa kuona mwingine akiumia una masharti yake, na ajira haiyafuti.

Ya pili ilikuwa ile ya mwokoaji. Hapo majaji watatu walisema mwokoaji wa kulipwa ni yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa katika hatari ya kuumia mwilini, au aliamini kwa sababu nzuri kwamba yumo hatarini. Msafisha madirisha wa Lewisham alikuwa ndani ya behewa ambalo lingeweza kumwangukia wakati wowote, kwa hiyo yeye alistahili. Askari aliyepiga magoti katikati ya uwanja hakuwa akiangukiwa na kitu.

Lodi Steyn alikiri waziwazi kwamba sheria hii ya mshtuko ni kama shuka la viraka, na kwamba tofauti nyingi zilizomo ni vigumu kuzitetea. Lakini akasema mahakama zifike hapo zilipofika na zisiende mbele zaidi; anayetaka kuirekebisha aende Bungeni. Aliongeza kwamba askari anayeugua kwa yale anayokutana nayo kazini ana mpango wa pensheni uliowekwa na sheria, na kwa maana hiyo tayari ana hali bora kuliko jamaa walioondoka mikono mitupu.

Lodi Hoffmann alikwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Alisema mtu wa kawaida ataona si haki polisi walipwe pesa za umma kwa mshtuko ilhali waliofiwa wamerudishwa bila kitu.

Msomaji, maneno hayo yana nguvu. Hata mimi nilipoyasoma mara ya kwanza nilitikisa kichwa kukubali. Nikiwa mzazi wa Liverpool ningeyasoma na kusema, angalau kuna jaji mmoja anayetuona.

Lakini soma tena polepole. Aliyewafukuza wale jamaa mwaka 1991 ni nani? Ni Baraza lile lile la Malodi. Sasa kufukuzwa kwao kunageuzwa kuwa sababu ya kumfukuza mtu wa pili. Kama baba aliyemnyima mtoto mmoja chakula, kisha akamwambia wa pili: itakuwa si haki wewe ule na mwenzako ana njaa. Nani atamwambia baba huyo kwamba sufuria bado iko jikoni?

NDUGU WAWILI

Aliyelisema hilo kwa ufundi zaidi ni mmoja wa majaji wawili waliopinga, Lodi Goff. Alibuni mfano ambao naamini kila mwanafunzi anayesoma ukurasa huu ataukumbuka kuliko masharti yote niliyoyataja.

Tuseme, alisema, kwamba usiku ule wa ajali ya treni kulikuwa na ndugu wawili wasafisha madirisha, wote wadogo wa umbo, wote wepesi. Mmoja akafanya kazi ya uokoaji katika nusu ya mbele ya treni, mwingine katika nusu ya nyuma. Wote walitambaa kati ya maiti na majeruhi kwa muda wa saa 12 hivi. Wote wakaugua akili kwa kiasi kile kile. Kumbe nusu ya mbele ilikuwa na hatari ya kuporomoka na nusu ya nyuma haikuwa nayo. Kwa kanuni ya wenzangu, ndugu wa mbele atalipwa na wa nyuma hatapata kitu. Na hali itakuwa hivyo hata kama ndugu wa mbele hakujua kabisa kwamba alikuwa hatarini! Lodi Goff alisema jambo hilo halikubaliki.

Lodi Griffiths, aliyekuwa upande wake kuhusu waokoaji, naye aliona mwokoaji anayeugua alipwe hata kama mwili wake haukutishwa. Wakawa wawili. Watatu wakashinda.

Wasomaji wa Nairobi hawahitaji treni ya Lewisham ili kuuelewa mfano huo. Hukumu hii ilitolewa miezi isiyotimia minne baada ya Agosti 7, 1998, siku bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini na kuua watu zaidi ya 200. Wengi tunakumbuka kifusi cha jumba la Ufundi, na raia, askari na wanajeshi waliokichimbua, wengine kwa mikono mitupu, kwa siku kadhaa. Aliyekuwa juu ya kifusi kinachoyumba alikuwa hatarini. Aliyekuwa barabarani akipokea miili na kuipakia garini hakuwa. Wote wawili waliota ndoto zile zile. Ukiwatenga kwa hatua chache za miguu, utakuwa umepima umbali, hujapima maumivu.

Nasema hivyo bila kusahau upande wa pili. Kamanda na konstebo huvaa kofia zinazofanana, na mama aliyefiwa hana sababu ya kutazama vyeo mabegani. Polisi wa South Yorkshire walijitahidi kutupa lawama kwa mashabiki walevi, na uongo huo ukaishi miaka mingi. Si ajabu kwamba askari aliyesimama kortini kudai pesa alionekana kama mtu aliyemsukuma mwenzake majini kisha akadai alipwe kwa kulowa. Ila konstebo hakuwa amefungua lango. Aliambiwa nenda kaokoe, akaenda.

NJIA YA PENSHENI

Je, maneno ya Lodi Steyn kuhusu pensheni yana ukweli? Yana ukweli nusu. Askari wa Uingereza anayeumia akitekeleza kazi, bila kosa lake, na akashindwa kuendelea, anaweza kupewa malipo ya jeraha pamoja na pensheni. Daktari aliyeteuliwa hupima ni kiasi gani cha uwezo wake wa kuchuma kimepotea, kisha askari huwekwa katika moja ya madaraja manne: asilimia 25 kushuka chini, 26 hadi 50, 51 hadi 75, na kutoka 76 kwenda juu. Asiyeridhika hukata rufaa mbele ya jopo la madaktari, na akishindwa huko anaweza kuiomba Mahakama Kuu iuchunguze uamuzi huo.

Na wengi wamekwenda. Kuna askari waliostaafu kwa majeraha ambao miaka mingi baadaye waliitwa wapimwe upya na malipo yao yakakatwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi moja ya polisi wa London kwamba wapimaji hawana ruhusa ya kuufumua uamuzi wa zamani. Wanaloweza kuuliza ni kama hali imebadilika tangu pale. Kwa mtu mgonjwa, kujua kwamba jambo lililokwisha amuliwa halitafukuliwa kila mwaka ni nusu ya dawa.

Lakini pensheni hailingani na fidia ya uzembe. Pensheni hutolewa bila kuuliza kosa ni la nani. Fidia huanza kwa kusema: fulani alikosa. Baadhi ya watu hutaka neno hilo lisemwe kabla ya kutaka hela.

Hapa kwetu jambo hili lina mizizi pia. Sheria yetu ya uzembe tuliirithi kutoka Uingereza, na hukumu za huko, ingawa haziwafungi majaji wetu, bado hutajwa na mawakili kortini. Kwa majeraha ya kazini, hata hivyo, Kenya ina njia yake chini ya sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile inayojulikana kama WIBA. Inasema inawahusu wafanyakazi wote, hata wa serikali, isipokuwa wanajeshi. Anayeumia halazimiki kuthibitisha uzembe. Akipata ulemavu wa kudumu, malipo hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi anayesimamia sheria hiyo ana siku 60 za kupinga kwake, kisha siku 30 za kwenda katika korti ya ajira. Ziandike siku hizo mahali, kwani dai linaweza kufia kwenye kalenda. Desemba 3, 2019, miaka 21 kamili tangu hukumu ya Malodi, Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha njia hiyo: mfanyakazi aanzie kwa mkurugenzi, asikimbilie korti kwanza.

Jedwali la sheria hiyo limejaa viungo vya mwili na asilimia zake. Kupofuka kabisa ni 100. Kukosa usingizi kwa sababu ya ulichokiona, hilo huwezi kulinyooshea kidole jedwalini kama unavyonyooshea mkono au jicho, na ndiyo maana aliyeumia akilini huanza safari akiwa nyuma ya mwenzake, huku kama kule.

YALIYOFUATA

Tume ya kurekebisha sheria ya Uingereza ilikuwa imependekeza, Machi 1998, kwamba baadhi ya masharti ya mshtuko yalegezwe. Bunge halikupitisha sheria hiyo. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya huko ilirejea suala la mtu anayeugua kwa kumwona mpendwa wake akifa, ikakataa kuwafungulia mlango jamaa za wagonjwa waliokufa kwa makosa ya madaktari. Shuka la viraka lingali kitandani.

Jamaa za Hillsborough wao waliendelea kupigana. Uchunguzi wa kwanza wa vifo ulikuwa umesema mwaka 1991 kwamba ni ajali. Mwaka 2016 jopo la raia lililosikiliza ushahidi upya kwa miaka miwili lilisema marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Kamanda wa siku ile alishtakiwa, na Novemba 2019 akaonekana hana hatia.

Kabla ya hapo, Septemba 12, 2012, jopo huru lilikuwa limetoa ripoti yake baada ya kupekua maelfu ya karatasi zilizofichwa. Ndani yake mlikuwa na habari ya askari wetu. Baada ya maafa, makonstebo walikuwa wameambiwa waandike walichokiona. Waliandika. Jopo lilikuta kwamba taarifa 164 zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na katika 116 kati ya hizo yaliyoondolewa au kugeuzwa ni maneno yaliyokilaumu kikosi chenyewe: kwamba hapakuwa na uongozi, kwamba redio hazikusikika, kwamba hakuna aliyetoa amri. Askari wadogo walikuwa wameyaandika hayo tangu 1989 kwa mikono yao wenyewe. Wakubwa wakayafuta kwa kalamu.